Kipimo cha Msesewe

Ukifika soko la Mbuyuni, Moshi mjini, ukaomba ndizi, muuzaji hatangulizi bei. Anatanguliza swali: za nini? Hakuulizi kwa udadisi. Ndizi ya mtori siyo ya kuchoma, na ile inayochomeka vizuri inaweza kukuharibia mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Mshare ni mwembamba na mrefu, na ukichemshwa kwa subira huachia wanga wake hadi mchuzi ukawa mzito bila kutiwa unga. Mkono wa tembo unataka makaa. Kisukari unakimenya na kukila pale pale ukiwa umesimama. Kitarasa hukatwa vipande, hukaushwa na kusagwa, ukapatikana uji wa mtoto na wa mgonjwa. Mgeni aliyezoea kuona ndizi ni ndizi tu hubaki ameduwaa kidogo, akitafuta jibu huku foleni ikimsukuma.

Swali hilo ndilo mwanzo wa upishi wa mlimani Kilimanjaro, na kwa maoni yangu ndilo sehemu yake kubwa. Mpishi wa pwani husawazisha ladha sufuriani: anatia tui, anaongeza ukwaju, anaonja, anarudisha iliki au pilipili mpaka mambo yakae sawa. Uchaggani sufuria ya jadi hupokea vitu vitatu au vinne, basi. Anayetaka utamu hachukui sukari. Anachukua ndizi iliyoachwa iive siku mbili zaidi. Anayetaka uchachu anayaacha maziwa yagande. Anayetaka uchungu anachuma mnafu nyuma ya nyumba. Ladha zimeshapangwa shambani, darini na kwenye kibuyu kabla moto haujawashwa, na mpishi akikosea huko, hakuna kiungo cha kumwokoa mezani. Ndiyo maana chakula hiki, ambacho wapita njia hukiita chepesi na hata kisicho na ladha, kinadai mkono uliokomaa kuliko pilau.

Shamba lenyewe ndilo ghala la ladha hizo. Ukanda wa vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba, huanzia karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi karibu 1,800, pale msitu unapoanza. Kihamba kimepangwa kwa ghorofa: juu kabisa mringaringa na mruka inatoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, halafu magimbi, maharage na mboga za majani, na viazi vikuu vikikwea kwenye miti. Mfongo, yaani mfereji, unapita pembeni ukishusha maji ya msituni. Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe walipoandika kuhusu vihamba mwaka 1984, waliona wastani wa kimoja ni hekta 0.68, eneo ambalo mkulima wa mahindi wa tambarare angelitazama akauliza familia inakula nini. Mwaka 2006 mwanabotania Andreas Hemp alichapisha hesabu ya zaidi ya aina 500 za mimea ndani ya vihamba vya mlima huu, nyingi kati ya hizo zikiwa zimejiotea. FAO nayo, mwaka 2011, ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ng'ombe amefungwa zizini hatua chache kutoka jikoni. Analetewa majani, anatoa maziwa na samadi, na samadi inarudi kwenye shina la mgomba.

Kinachokosekana humo ni chumvi. Hiyo ilibidi itoke nje, na pamoja nayo magadi, mawe ya kijivu au ya wekundu-wekundu yanayochotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Natron likiwa maarufu kuliko yote. Chumvi ina kazi moja jikoni. Magadi yana mbili, na hapo ndipo mpishi wa kiburu anapopimwa.

Kiburu ni ndizi na maharage, pengine na mafuta kidogo. Ukikieleza hivyo hakuna wa kukiona kigumu. Lakini maharage makavu ni sugu, na ndizi mbichi ina ukakasi, ule unaokausha ulimi na kuvuta mashavu kwa ndani. Magadi ni alkali. Yanalegeza gundi inayoshikamanisha chembe za maharage, kwa hiyo kuni zinaokolewa na saa zinapungua. Papo hapo yanaleta ulaini fulani unaoteleza kinywani na kuufunika ukakasi wa ndizi. Yakizidi kidogo tu, unakula sabuni. Mpishi mzoefu hatupii jiwe sufuriani. Analiyeyusha pembeni kwenye bakuli la maji, anaacha mchanga utuame, kisha anamimina yale maji ya juu kidogo kidogo huku akitazama rangi ya maharage na kusikiliza povu. Hakuna kijiko cha kupimia. Magadi ya wiki hii si makali sawa na ya wiki iliyopita, kwa hiyo kipimo cha kijiko kingedanganya. Ulimi unapima upya kila siku ya kupika.

Na kuna sababu nyingine ya kubana mkono. Watafiti wa afya ya meno waliofanya kazi mkoani Kilimanjaro katika miaka ya 1990 waliona watoto wenye madoa ya kahawia kwenye meno hata katika vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo, na magadi ya jikoni yakatajwa kuwa chanzo. Alkali pia hupunguza vitamini B1 ya maharage. Siku hizi wapishi wengi huloweka maharage usiku kucha na kutumia magadi kidogo sana au kuyaacha kabisa. Kiburu kisicho na magadi kinalika, sibishi, ila kina ukavu fulani ambao wazee huutambua kwa kijiko cha kwanza na kukaa kimya. Mimi nimesimama upande wa wanaoloweka maharage kisha wakatia tone. Na chumvi iwe yenye madini joto, kama kanuni za Tanzania zinavyotaka tangu miaka hiyo hiyo ya 1990. Udongo wa milimani ni maskini wa madini hayo, na rovu haziponi kwa sifa za vyakula vya asili.

Mtori uko upande mwingine kabisa. Hapa mpishi hapambani na ladha kali, anazuia ladha zisipigiane kelele. Mifupa na nyama ya ng'ombe huchemshwa peke yake hadi supu itoke na mafuta yaelee. Mishare humenywa ndani ya maji ili utomvu usiishike mikono na ndizi zisigeuke nyeusi, kisha huingia kwenye supu pamoja na kitunguu. Zikishaiva hupondwa kwa mwiko au kuvurugwa kwa kipekecho, na nyama iliyochambuliwa inarudishwa, pamoja na maziwa au kijiko cha siagi. Kazi yote iko kwenye mwendo wa mkono: ukiponda upesi ndizi ikiwa haijaachia, unapata mabonge, ukichelewa, unapata gundi. Utamu wa mshare ni mdogo sana, unasikika tu baada ya kumeza. Ndiyo sababu sipendi mtori wa migahawani uliojaa nyanya, karoti, pilipili hoho na kile kiungo cha mchemraba. Nyanya ina asidi na sauti kubwa. Ikiingia, mshare hausikiki tena. Nimewahi kupewa bakuli la rangi ya machungwa nikaambiwa ni mtori, na nililimaliza kwa adabu.

Chakula hiki ndicho anachopewa mama aliyejifungua. Kwa desturi hulishwa kwa wiki nyingi, katika familia zinazoshika mila hata miezi mitatu, akipumzika huku mama mkwe au mama yake mzazi akisimamia jiko. Mtori unampa maji, wanga, mafuta na nyama ndani ya bakuli moja ambalo tumbo halilikatai. Pamoja nao huja kisusio, supu ya damu ya mbuzi, ambayo madini yake ya chuma hayahitaji mtetezi. Mtu anaweza kuziita hizo mila tu. Lakini ukimwangalia bibi anayempikia mkwewe, unaona anayoyafuatilia: leo chumvi ipungue kwa kuwa miguu imevimba, leo mtori uwe mwepesi zaidi kwa kuwa maziwa hayajatoka vizuri, kesho aongezewe mboga chungu kwa kuwa amekaa siku nyingi na mafuta matupu. Anapanga ladha kwa kumtazama mlaji. Kitabu chake ni uso wa yule mama.

Mboga chungu aliyoitaja ni mnafu. Watu wa mlimani wanaupenda uchungu wake, ila si wote wanaokubaliana ni kiasi gani ubaki. Kuna jiko linalochemsha na kumwaga maji ya kwanza, na kuna jiko linaloona kumwaga huko ni kutupa mboga. Ukipikwa na maziwa, mafuta ya maziwa huuzungusha uchungu ukafika ulimini umetulia. Ukiwekwa kando ya ndizi zilizochemshwa kwa chumvi tu, kila tonge la ndizi linaomba tonge la mnafu, na la mnafu linarudi kuomba la ndizi. Mlo wa namna hiyo hauna kitoweo cha maana kwa macho ya mgeni. Mlaji lakini anaondoka ameshiba kwa kiasi kidogo kuliko alivyotarajia, kwa kuwa ulimi ulikuwa na kazi.

Uchachu nao una mlango wake, maziwa mgando. Kitawa, ndizi zilizopikwa na kupondwa zikachanganywa na maziwa hayo, ni chakula cha baridi kinachofaa mchana wa jua kali huko chini Himo kuliko asubuhi ya ukungu kule Kibosho. Mpishi anachopima ni umri wa maziwa: ya siku moja bado ni mapole, na ya siku kadhaa yanauma. Ndizi yenye utamu kidogo inastahimili maziwa makali. Ndizi isiyo na utamu inataka mapole.

Wahindi, ambao maduka yao yamekuwa Moshi tangu reli ilipofika, wana elimu ya tiba ya kale inayohesabu ladha sita na kutaka zote zionekane kwenye mlo: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi. Mpishi wa Uchaggani hajahesabu. Lakini mpe sinia la ndizi, maharage, mnafu na maziwa mgando, na tano kati ya hizo sita zimo. Ya sita, ukali wa pilipili, anaiweka pembeni kwa anayeitaka. Wataalamu wa maabara, kwa upande wao, wana ladha nyingine waliyoipa jina umami baada ya Mjapani Kikunae Ikeda kuitenga mwaka 1908 kutoka kwenye supu ya mwani. Hiyo ipo kwenye mifupa ya mtori, inachemka tangu alfajiri.

Lakini ukitaka kuona ufundi wa mizani ya ladha ukiwa umefikia kilele chake, usiangalie sahani. Angalia kata ya mbege.

Mbege huanza na kuivisha. Mikungu huwekwa mahali pa joto, darini juu ya moshi wa jiko au imefunikwa kwa majani makavu, mpaka ganda lianze kuwa na madoa. Mabadiliko yanayotokea humo ndani ni makubwa: ndizi mbichi inaweza kuwa na wanga unaofikia asilimia 20 hivi ya uzito wake, na ikiiva sana karibu wote unakuwa sukari. Mpishi wa mbege hana kipimo cha sukari. Ana vidole na pua. Ndizi zikishafika, humenywa na kuchemshwa kwenye pipa au chungu kikubwa kwa saa nyingi, nusu siku hivi, hadi zigeuke rangi ya udongo mwekundu. Zikipoa huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, halafu huchanganywa na maji na kuchujwa. Kinachotoka ni kinywaji kitamu, kizito, chenye harufu ya matunda yaliyozidi kuiva. Ukiishia hapo utakinywa bakuli moja na hutataka la pili. Utamu huo unakinai.

Huku nyuma ulezi umeshaloweshwa, umeota, umeanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unga wake hupikwa uji, na hapo ndipo msesewe unapoingia. Msesewe ni mti wa kando ya mito, Rauvolfia caffra kwa wanasayansi, na gome lake ni chungu kiasi kwamba ukilamba kidole kilichougusa, utakumbuka hadi jioni. Gome hukaushwa na kupondwa, kisha kiasi chake huchemshwa na uji wa ulezi. Uji ukipoa unakutanishwa na maji ya ndizi, na usiku mmoja unatosha. Asubuhi kuna povu, na mbege iko tayari.

Kiasi cha msesewe hakiandikwi popote kwa sababu hakiwezi kuandikika. Kinategemea utamu wa ndizi, na utamu wa ndizi unategemea mvua, aina na siku za darini. Kinategemea pia ni nani atakunywa na lini. Mbege ya kunywewa leo inastahimili uchungu kidogo, maana bado ni tamu. Ile ya harusi ya kesho kutwa lazima itazamwe mbele, kwa kuwa kila saa sukari inapungua, ulevi unapanda na uchachu unakaza, na uchungu uliokuwa sawa asubuhi utaonekana umezidi jioni. Kwa hiyo mpishi wa mbege, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huonja kitu ambacho hakipo bado. Anaonja uji wa leo na kuamua ladha ya Jumamosi. Sijui kazi nyingine ya jikoni inayodai kumbukumbu ya namna hii. Ukimuuliza ametia kiasi gani, atakuonyesha ganja la mkono wake, na ganja lake si lako.

Uchungu unafanya nini hapo? Kwanza unakata utamu, ukaupa mwisho. Kinywaji kitamu kisicho na uchungu hakina pa kusimama. Kinajaza kinywa na kubaki humo. Msesewe unakuja nyuma ya ulimi sekunde moja baada ya kumeza, unasafisha, na mnywaji anarudi kwenye kata akiwa mpya. Uchachu unashika katikati, ulezi unaleta uzito na chengachenga unazozitafuna kidogo. Ukipewa mbege nzuri unasikia ladha nne zikipita kwa zamu, hakuna inayomkanyaga mwenzake. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, kuthibitisha kwamba ni salama, kisha kata humfikia mzee kabla ya kijana, na kijana anaipokea kwa mikono miwili. "Haika, mae," atamshukuru aliyeipika, na mama huyo hujibu kwa kutazama kama kata imerudi tupu.

Wajerumani walioitawala Moshi hadi mwaka 1916 walitoka katika nchi yenye sheria maarufu ya bia, ile ya Bavaria ya 1516, iliyotaka bia iwe na shayiri, hopsi na maji tu. Hopsi ni ua chungu, na kazi yake katika pipa la Kijerumani ni ile ile ya msesewe katika pipa la Kichagga: kuzuia utamu wa nafaka usikinaishe. Watu wawili wasiojuana, mmoja akiwa na ua na mwingine akiwa na gome, walifika kwenye jibu moja. Walipokutana, mmoja ndiye aliyeandika sheria za mwingine. Lakini hilo ni simulizi la siku nyingine.

Kuhusu msesewe kuna maneno mengi ya dawa. Ni kweli kwamba binamu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa reserpine, dawa ya shinikizo la damu iliyotengwa mwaka 1952. Hilo haliifanyi mbege kuwa tiba ya presha, na anayekuambia hivyo huenda anataka kukuuzia kata ya pili. Mbege ni pombe. Wapo waliopoteza vihamba kwa kuipenda kupita kiasi, na uzuri wa ladha yake hauwasaidii.

Faida ya kweli iko kwenye kile kimea, na wala haihitaji ulevi. Ulezi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, kiasi ambacho nafaka chache zinakikaribia. Ukioteshwa, unajitengenezea vimeng'enya vinavyovunja wanga. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyoota, ukitiwa kwenye uji mzito wa mtoto, unaulegeza papo hapo bila kuongezewa maji; mtoto mwenye tumbo dogo anakula chakula kingi zaidi kwa vijiko vile vile. Kimea kikaingia katika mafunzo ya lishe nchini, na akina mama wakafundishwa kliniki jambo ambalo wapishi wa mbege walikuwa wakiliona kila wiki: uji mzito ukikutana na ulezi ulioota unageuka mwepesi na kupata utamu ambao hakuna aliyeutia. Utamu huo ni wanga uliovunjika. Mtoto anayeuzoea uji wa namna hiyo hadai sukari, kwa sababu hajawahi kuambiwa kuwa inakosekana.

Sukari ipo karibu mno. Siku isiyo na ukungu, ukisimama Uru au Old Moshi ukatazama kusini, unayaona mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1930 na A.P. Møller wa Denmark. Ulimi wa mlimani umebadilika tangu wakati huo. Chai ya maziwa inatiwa vijiko vitatu, vinne. Soda inapelekwa kwa mgonjwa na katika vikao vya posa. Sina ugomvi na chai. Ninachokiona ni kwamba utamu ulioingia hivyo umekuja peke yake, bila mwenzake wa kumzuia. Katika jiko la kihamba tamu haikuwahi kutembea bila chungu au chachu kando yake, na ndiyo maana mtu aliweza kula ndizi asubuhi, mchana na jioni bila kuzichoka. Kijana aliyelelewa kwa soda akipewa mnafu anakunja uso, halafu mama anapunguza, halafu anaacha kuupanda. Mmea unatoka kihambani kwa njia hiyo, kimya kimya, bila ukame wala mdudu.

Wapo wanaourudisha. Wauzaji wa unga wa kitarasa wamekuwa wengi Moshi, na Desemba, wakati Wachagga wa Dar es Salaam na kwingineko wanapopanda mlima kwa Krismasi, wengi huja na orodha ya vyakula wanavyotaka kupikiwa: kiburu, kitawa, machalari, kisusio. Mabibi jikoni hucheka kwa sababu wanaoomba ni wale wale waliovikataa wakiwa wadogo.

Ndizi zenyewe zina mashaka yao. Watafiti wa jenetiki walionyesha mwaka 2005 kwamba ndizi ya Cavendish, ile inayouzwa madukani London na Chicago, ilipata sehemu ya urithi wake kutoka kundi la ndizi la Mlali la Afrika Mashariki, ambalo mshare ni jamaa yake wa karibu. Jamaa huyo wa mlimani anasumbuliwa na mnyauko, ugonjwa wa kuvu unaokaa ardhini miaka mingi, na watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA walioko Arusha wanajaribu kuzalisha mishare inayoustahimili. Ni kazi ngumu, kwa kuwa mshare hautoi mbegu kwa urahisi. Wakishapata mche unaokataa ugonjwa na kubeba mkungu mzito, wanakuwa wamefika nusu ya njia. Lazima ndizi hiyo imenywe na kuchemshwa kwenye supu ya mifupa, mtu aliyepika mtori maisha yake yote aiponde na kuionja. Akisema haiachii, au ina utamu uliotangulia mno, mche huo unaweza kuzaa upendavyo, hautapata shimo kihambani kwake.